Kabla Chama Chenu Hakijanunua Kizimba Ziwani, Uliza Maji Yanapumua Vipi

Kama uko kwenye chama chochote cha vijana hapa mjini, ujumbe huu umeshakufikia au uko njiani. Kuna msee amerudi kutoka ushago, ameona vizimba vya samaki vimepangwa ziwani safu kwa safu, na sasa amejaza kikundi cha WhatsApp na picha. Hesabu yake ni tamu. Tununue kizimba Mbita au Muhuru Bay, tuweke vifaranga 2,000 vya tilapia, tuwalishe miezi minane, tuuze, tugawane. Tuseme kila samaki anaenda kwa shilingi 200. Hiyo ni laki nne. Vizimba viwili ni laki nane. Watu wanaanza kutuma emoji za moto.

Skiza, sijaja kuharibu sherehe ya mtu. Ufugaji wa samaki Homa Bay na Migori ni biashara ya kweli na kuna watu wanalipa karo nayo. Lakini ile hesabu ya WhatsApp ina mstari mmoja unaokosekana: wangapi watakufa, na ni nini kitawaua. Nataka tuuangalie huo mstari pamoja, kwa sababu ndio unaoamua kama mtagawana faida au mtagawana lawama.

Hebu turudie hesabu taratibu

Tilapia wa nusu kilo hufika hapo baada ya kula takriban robo tatu ya kilo ya chakula, ikiwa chakula ni kizuri na anayelisha anajua kazi. Samaki 2,000 wanahitaji basi kama kilo 1,500. Tuseme kilo moja ya chakula ni shilingi 140. Hapo umemaliza 210,000. Vifaranga, tuseme kila mmoja shilingi 10, ni 20,000. Mlinzi na mlishaji, tuseme mchango wenu kwake ni 10,000 kwa mwezi, miezi minane ni 80,000. Jumla ni 310,000, na bado hujagusa bei ya kizimba chenyewe, boti, leseni na usafiri.

Wasipokufa kabisa, mnabaki na 90,000 kwa kizimba. Si mbaya. Sasa ondoa robo ya samaki, yaani 500 tu, wafe mwezi wa saba. Mapato yanashuka hadi 300,000. Mmeshatumia 310,000. Mmepata hasara, na hakuna aliyekula pesa ya chama.

Hizo bei ni za mfano, kwako zitakuwa tofauti. Lakini muundo wa hesabu ni huo huo popote: chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama, na samaki akifa karibu na mavuno anakufa na chakula chote ulichomlisha. Tena mwezi wa saba ndio wakati hatari zaidi. Kizimba kimejaa miili mikubwa, na mwili mkubwa unataka oksijeni nyingi. Kwa hivyo kifo hupenda kuja wakati pesa yote imeshaingia ndani ya maji.

Vizimba vilifikaje huku

Kenya inamiliki asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Zilizobaki ni za Uganda na Tanzania. Kwenye hicho kipande chetu, wavuvi wamekuwa wakirudi na ngege na mbuta wachache kuliko wazazi wao walivyovua, huku walaji wakizidi kuongezeka. Ndiyo maana sokoni Gikomba unakuta tilapia wa barafu kutoka Uchina akiwa kando ya samaki wa ziwa.

Serikali ilijaribu kwanza mabwawa ya nchi kavu. Mwaka 2009, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya 140. Mengi yalikauka pesa za serikali zilipokauka. Baadaye watu wakageukia ziwa lenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, walihesabu vizimba 3,696 upande wa Kenya mwaka 2017, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya mwaka uliotangulia. Siaya ndiyo iliyoongoza. Lakini karibu na Sindo, kaunti ya Homa Bay, kuna shamba la Victory Farms, ambalo limekua hadi kuwa kati ya makubwa zaidi ya tilapia katika eneo hili lote la Afrika. Ukishuka kusini hadi Migori utapata maji ya Karungu na Muhuru Bay, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania.

Kwa hivyo nafasi ipo. Swali ni maji.

Usiku ambao maji hugeuka

Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa vizimba upande wa Kenya waliamka wakakuta samaki wakielea wamegeuza matumbo juu. Hasara ilikuwa ya mamia ya mamilioni ya shilingi. Mambo kama haya yakitokea, uvumi wa sumu hukimbia kuliko majibu ya maabara. Watafiti wa KMFRI walipopima walielekeza kidole kwingine: oksijeni ilikuwa imeshuka.

Inatokeaje? Chukua sufuria ya uji uliotulia. Mzito uko chini, mwepesi uko juu. Ziwa pia hujipanga hivyo. Maji ya juu yana joto na hewa. Maji ya chini ni baridi, yamejaa majani yaliyooza, kinyesi na mabaki, na bakteria wanaoozesha vitu hivyo wameshamaliza oksijeni. Siku nyingi tabaka hizi mbili hazisumbuani. Halafu upepo mkali unapiga au mvua kubwa inapoza maji ya juu, na yale ya chini yanapanda. Samaki wa porini anakimbia. Aliye kizimbani hana pa kwenda.

Kuna na mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku unaivuta kama sisi. Ndiyo maana kiwango huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza, saa kumi na moja alfajiri hivi, wakati mlinzi wako amelala fofofo. Mwani unalishwa na mbolea na uchafu unaoletwa na mito. Mto Kuja, kwa mfano, hukusanya maji kutoka milima ya Kisii, huungana na Mto Migori, kisha huingia ziwani Nyatike ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu. Mvua ya Kisii inaweza kuwa shida ya mfugaji wa Migori.

Mahali penyewe pia pana maana. Ghuba ya Winam ina kina kifupi na imezibwa pande nyingi, kwa hivyo maji hubadilika polepole. Watu wa Mbita wanalijua hili vizuri. Tuta lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha kisiwa cha Rusinga na bara liliziba mkondo, maji yakalala, gugumaji likapata makao. Ilibidi baadaye lifunguliwe kwa daraja ili maji yapite tena. Ukitoka nje ya ghuba, upande wa Mfangano au Muhuru Bay, kina kinaongezeka na maji yanatembea, ingawa mawimbi nayo ni makali na kizimba dhaifu hakitastahimili.

Kamba walilipa karo kabla yetu

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna watu wameshapitia njia hii na hasara yao ni somo la bure kwetu. Hao ni wafugaji wa kamba, wale wa baharini ambao mahoteli ya Pwani huwauza kwa bei inayokufanya ufunge menyu.

Miaka ya mapema ya 1990, kamba kwenye mabwawa ya Asia Mashariki walianza kufa wakiwa na madoa meupe kwenye gamba. Ni virusi. Ndani ya siku chache bwawa zima linaisha. Ugonjwa ulisafiri na biashara ya vifaranga, na kufikia 1999 ulikuwa umeipiga Ecuador, ng'ambo ya pili ya dunia. Haukutusahau hata sisi wa Bahari ya Hindi: mwaka 2011 ulifika Msumbiji na mwaka 2012 ukafika Madagaska. Kabla vumbi halijatulia, ugonjwa mwingine ukaibuka Uchina mwaka 2009 na kusambaa hadi Vietnam na Thailand, ukiua kamba wachanga kabla hawajafikisha siku 35 hivi bwawani. Watu walitafuta chanzo miaka minne. Mwaka 2013 kikundi cha Donald Lightner katika Chuo Kikuu cha Arizona kikakitaja: ni bakteria wa kawaida wa baharini aliyepata jeni ya kutengeneza sumu.

Kamba ana shida moja ambayo wewe huna. Kinga yake haina kumbukumbu kama yetu, kwa hivyo hawezi kuchanjwa akakumbuka adui. Wafugaji wake walilazimika kutumia akili badala ya sindano. Walianza kununua vifaranga vilivyozalishwa na wazazi waliopimwa na kuthibitishwa kuwa hawana ugonjwa. Walichuja maji yanayoingia. Walipima vifaranga kwa PCR kabla ya kuvimwaga bwawani, na ndiyo, ni PCR ile ile uliyochokorwa nayo puani wakati wa korona. Baada ya mavuno walikausha bwawa, wakamwaga chokaa, wakaliacha lipumzike. Ecuador ile iliyopigwa chini mwaka 1999 leo ndiyo muuzaji namba moja wa kamba duniani.

Ona sasa tofauti inayotuhusu. Bwawa la kamba unaweza kulikausha. Ziwa Victoria huwezi. Mfugaji wa Muhuru Bay hawezi kufunga bomba ili maji ya jirani yasimfikie. Akitupa samaki aliyekufa kando ya kizimba, maji yatampeleka kwa mwingine. Kwa hivyo kila alichofanya mfugaji wa kamba ndani ya ua wake, sisi inabidi tukifanye pamoja, ufuo mzima, la sivyo hakifanyi kazi.

Virusi wenyewe wako karibu

Usidhani tilapia ni chuma. Kwa miaka mingi watu walimsifu kuwa ni samaki mgumu asiyeugua ovyo. Mwaka 2014 wanasayansi wa Israel walieleza virusi vipya vilivyokuwa vikimuua, wakaviita virusi vya tilapia vya ziwani. Mwaka 2018 utafiti uliochapishwa ulionyesha kwamba chembechembe za virusi hivyo zimepatikana kwa PCR katika tilapia wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, kwenye maji ya Uganda na Tanzania. Samaki hao hawakuwa wanakufa kwa wingi. Lakini virusi havina paspoti, na vifaranga vinaweza kuvuka ziwa kwa boti.

Mwaka huo huo wa 2018, huko Ghana, wafugaji wa vizimba katika Ziwa Volta waliona tani kwa tani za tilapia zikifa. Chanzo kilikuwa virusi vingine, vinavyojulikana kwa kifupi kama ISKNV. Ziwa Volta linafanana na letu kwa mambo mengi: vizimba vingi, maji ya joto, wafugaji wadogo na wakubwa wakitumia maji yale yale. Kilichowapata ni onyo la bei nafuu kwetu, bora tulisome.

Kuna pia bakteria ambao hawahitaji kusafiri, wako tayari majini wakisubiri samaki achoke. Streptokoka hupenda maji ya joto. Ukiona samaki anaogelea akizunguka kama amelewa, macho yamevimba kutoka nje, au ana vidonda mwilini, hiyo si habari ya kesho. Kwa tilapia, tofauti na kamba, chanjo ya streptokoka inawezekana na inatumika katika nchi kadhaa. Kosa ambalo watu hufanya popote duniani ni kukimbilia antibiotiki bila kupima, kuzichanganya na chakula na kutumaini mema. Kama tatizo lilikuwa oksijeni au virusi, umetupa pesa majini, na bakteria waliobaki wamejifunza kuizoea dawa ambayo kesho utaihitaji wewe mwenyewe hospitalini.

Ochong'a, kamba wetu tusiyemtambua

Huenda umejiuliza, kwani ziwani hakuna kamba? Wapo. Ni wadogo sana, na Wajaluo huwaita ochong'a. Huvuliwa pamoja na omena. Ukiwahi kununua omena ukakuta vijitu vyekundu vilivyojikunja katikati, hao ndio. Ochong'a ana uwezo wa kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo ambayo mbuta hawezi kukaa, ndiyo maana aliongezeka hata mbuta alipowamaliza samaki wengine wengi. Na mbuta mchanga mwenyewe hula ochong'a sana.

Hakuna anayemfuga ochong'a. Kazi yake kwenye biashara hii ni kusagwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Hapo ndipo utafiti unaingia. Ukiwalisha samaki wa kufugwa kwa viumbe wale wale ambao samaki wa porini wanawategemea, unahamisha njaa tu kutoka kizimbani kwenda ziwani. Watafiti wa Kenya wamejaribu miaka mingi kupunguza ochong'a kwenye chakula cha tilapia na kuweka protini ya mimea badala yake. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, ambacho kina kampasi yake hapo hapo Mbita, kimefanya kazi kubwa kuhusu funza wa nzi weusi wanaofugwa kwa taka za jikoni na sokoni, kisha wanakaushwa na kuwa protini ya mifugo.

Unaweza kudhani hii ni habari ya bei ya chakula tu. Hapana. Chakula kibaya ni ugonjwa. Tembe inayozama kabla samaki hajaifikia inaenda chini, inaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Yale maji mabaya ya chini yanayopanda usiku wa upepo, sehemu yake umeyapika mwenyewe kwa chakula kilichopotea. Tembe inayoelea inagharimu zaidi, lakini inakuonyesha samaki anakula au hali. Na samaki aliyeacha kula ndiye wa kwanza kukuambia kuna noma inakuja.

Teknolojia inayofanya kazi kweli

Mtu akisema teknolojia, vijana tunafikiria droni na akili unde. Vifaa vinavyookoa samaki ni vya kawaida zaidi.

Cha kwanza ni kipimo cha oksijeni. Unatumbukiza kijiti chake majini, kinakupa namba. Miligramu 5 kwa lita kwenda juu, lala salama. Ikianza kukaribia 3, acha kulisha mara moja, kwa sababu samaki akisaga chakula anatumia oksijeni zaidi. Punguza msongamano, sogeza vizimba kama vimewekwa kwa namna ya kusogezeka, au vuna mapema. Kipimo kizuri kinagharimu makumi ya maelfu ya shilingi, ndiyo maana mfugaji mmoja mmoja hakinunui. Lakini kamati ya ufuo, zile BMU, yenye wafugaji 20 inaweza kununua kimoja na kumlipa kijana mmoja azunguke kila alfajiri.

Cha pili ni sahani ya rangi nyeusi na nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Unaishusha majini hadi isionekane, unaandika kina. Maji yakizidi kuwa na giza wiki baada ya wiki, mwani au udongo unaongezeka. Hiki unaweza kujitengenezea nyumbani kwa mfuniko wa ndoo na rangi.

Cha tatu ni daftari, au simu. Wangapi wamekufa leo, wamekula kiasi gani, joto la maji, upepo ulitoka wapi. Vifo viwili kila siku kisha ghafla vinane ni habari kubwa, lakini hutaiona kama hukuandika vile viwili. Kampuni ya Aquarech ya Kisumu imejenga biashara juu ya wazo hili la simu, ikiwaunganisha wafugaji na chakula, ushauri na wanunuzi.

Cha nne ni ramani. Watafiti wa KMFRI wamechora maeneo ya ziwa yanayofaa vizimba na yasiyofaa kwa kuangalia kina, mkondo, njia za boti na mahali samaki wa porini huzaliana. Kizimba kikiwa mahali pabaya, vifaa vingine vyote ni plasta kwenye mguu uliovunjika.

Cha tano ni mbegu. Hapa Kenya ina hadithi ambayo hatuisimulii vya kutosha. Mwaka 1988, shirika ambalo leo ni WorldFish na washirika wake walianza huko Ufilipino mradi wa kuboresha tilapia. Walichukua samaki wa porini kutoka nchi nne: Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Samaki aliyetokana na kazi hiyo, anayeitwa GIFT, amefugwa Asia nzima. Damu yetu imo. Nyumbani, kituo cha KMFRI cha Sagana kimekuwa kikichagua tilapia wanaokua haraka kizazi baada ya kizazi. Kwa hivyo ukisikia mtu anauza vifaranga vya bei ya kutupa kando ya barabara bila kusema vimetoka wapi, jua kuna chaguo lingine.

Na maabara? Mfugaji akipata vifo, samaki aliyeoza hana faida kwa mtafiti. Anatakiwa yule anayekaribia kufa, awekwe kwenye barafu na afikishwe haraka kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti au KMFRI Kisumu. Saa chache zinaweza kuamua kama utapata jibu au utabaki na uvumi.

Kazi iliyo hapa si ya kumiliki kizimba pekee

Mimi chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo sitakuambia ukasomee digrii ya samaki, ingawa Tom Mboya iko Homa Bay na Rongo iko Migori kama unataka. Ninachokiona ni kwamba kila mtu anataka kuwa mwenye kizimba na hakuna anayetaka kuwa mwenye kipimo. Wakati kizimba kinaweza kufa, anayepima hulipwa samaki wakiwa hai na huitwa mbio wakianza kufa. Kuna nafasi ya kukodisha vifaa, kutengeneza vile vilivyoharibika, kusafirisha sampuli kwa boda na barafu, kufuga funza wa chakula kwa taka za soko, kuandikia ufuo mzima rekodi ya kila siku. Mtaji wake ni mdogo kuliko bei ya kizimba kimoja, na hasara yake haielei juu ya maji.

Maswali matano kabla ya kutuma pesa

Kama bado chama kimekazana, sawa. Lakini kabla mtu hajabonyeza M-Pesa, mjumbe wenu aulize haya, na majibu yaje kwa maandishi.

Moja, kizimba kiko wapi hasa, maji hapo yana kina gani, na kuna mita ngapi kati ya nyavu za chini na sakafu ya ziwa? Kikigusa tope, kimbia.

Mbili, oksijeni ya alfajiri ilikuwa ngapi mwezi uliopita? Asiye na namba hata moja hapimi.

Tatu, vifaranga vimetoka kituo gani, na kituo hicho hupima wazazi wake?

Nne, vibali viko wapi? Vizimba vinahitaji idhini ya mazingira kutoka NEMA na ruhusa ya idara ya uvuvi, na BMU ya ufuo huo lazima iwajue. Siku ya vifo, hao ndio watakaokuja kwanza.

Tano, samaki wakifa, maiti inaenda wapi? Hili linaonekana dogo, ila ndilo linalokuonyesha mtu anamfikiria jirani au la. Jibu zuri ni kwamba wanatolewa kila siku na kuzikwa nchi kavu mbali na maji. Jibu baya ni kucheka.

Ukipata majibu matano yenye kueleweka, umepata mfugaji, na pengine pesa yenu itarudi na wenzake. Ukipata mawili, mwambie admini asimamishe michango wiki moja, kisha mchange nauli ya mtu mmoja aende Mbita au Muhuru Bay, alale huko, aamke saa kumi na moja alfajiri akashuhudie kipimo kikishushwa majini. Itawagharimu elfu chache. Namba atakayorudi nayo ina thamani kuliko picha zote za kikundi.